Minyoo bapa kwenye tangi la matumbawe: soma dalili kabla ya kumwaga dawa

Kila anayeniletea picha ya tangi lake la kufugia matumbawe na samaki lenye madoa ya kahawia huuliza swali moja: "Nimwage dawa gani?" Nami humrudishia maswali. Madoa yako wapi: kwenye kioo, kwenye mchanga, au juu ya tumbawe lenyewe? Unayaona saa ngapi? Mkia wake ukoje? Si kwamba nataka kumchosha. Jina "minyoo bapa" limebebeshwa viumbe wa aina nyingi, na hatua inayomwondoa mmoja haimgusi mwingine. Yuko asiye na madhara yoyote. Yuko anayeweza kuua samaki wako wote kwa kufa kwake tu. Na yuko ambaye dawa inamuua vizuri kabisa, huku mayai yake yakibaki salama yakisubiri siku yao.

Tangi langu ni la lita 350, liko sebuleni kwetu Muscat, na nimepambana na aina mbili kati ya hizo. Mara ya kwanza nilipoteza samaki wanne kwa muda wa saa mbili. Kipimo cha chupa nilikifuata sawasawa. Ambacho sikukifikiria ni wingi wa minyoo waliokuwa mle ndani. Tangu siku ile huanza na ninachokiona, nikatafuta chanzo chake, na dawa huja mwisho.

Ni mnyoo kweli?

Chukua lenzi ya kukuzia na tochi. Utando wa kahawia wa mwani unaoanza kuota hauna kingo na hautembei. Dinoflajelati, viumbe wadogo wa chembe moja, huacha nyuzi za ute zenye viputo vya hewa, na mchana huzidi. Mnyoo bapa ana kingo zinazoonekana, huteleza taratibu kama tone la mafuta linalosogea juu ya maji, na ukimpulizia maji kwa bomba la mpira lenye kibofu (lile la jikoni la kumwagia mchuzi linafaa sana) hujikunja au hung'oka akapeperuka.

Ukiwa na tangi jipya na ukaona usiku vidoa vyeupe vinavyopitisha mwanga, vya milimita moja au mbili, vikizurura kwenye kioo, waache. Hao hulamba utando wa kioo, hawamgusi mtu, na idadi yao hushuka wenyewe chakula kikipungua. Kuwamwagia dawa ni kuwaadhibu kamba na kopepodi (vijidudu vya majini wanavyokula samaki) kwa kosa ambalo halikutendeka.

Tofautisha pia na konokono wasio na gamba wanaokula Montipora, aina ya tumbawe gumu. Wale ni weupe na mgongo wao una vinyweleo vinene kama manyoya. Minyoo bapa tunaowazungumzia hapa mgongo wao ni laini.

Jambo moja la ukoo, kwa sababu lina faida ya vitendo. Wengi wetu tuliwasikia minyoo bapa kwa mara ya kwanza darasani, kwenye somo la kichocho na tegu. Mnyoo anayekula Acropora, tumbawe gumu la matawi, ni wa ukoo huo. Lakini yule mwekundu anayejaa kwenye mchanga, ingawa kwa miaka mingi aliwekwa kundi hilo, siye. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba yeye na jamaa zake, kundi linaloitwa Acoela, wamejitenga mbali na minyoo bapa wa kweli. Hana hata utumbo. Kwa hiyo usidhani kwamba kidonge cha kichocho, praziquantel, kitamaliza kila kitu kilicho bapa.

Madoa ya rangi ya kutu yanayoongezeka kila wiki

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote. Milimita chache kwa urefu, rangi ya kutu au ya tofali, na mkia uliogawanyika ncha tatu. Jina lake la kitaalamu ni Convolutriloba retrogemma. Ndani ya mwili wake kuna mwani, kama ulivyo ndani ya matumbawe, kwa hiyo anaupenda mwanga. Asubuhi taa zikiwaka utawaona wachache. Saa sita mchana, mahali penye mwanga mwingi na mkondo mdogo, utakuta zulia. Taa zikizimwa huingia kwenye nyufa. Basi usiwahesabu usiku ukajifariji kwamba wamepungua. Hesabu saa ile ile ya mchana, mahali pale pale, na uandike.

Watu huniambia, "Lakini nimeona mmoja tu." Mmoja anatosha. Hendelberg na Åkesson walipomwandika mnyoo huyu mwaka 1988 walimpa jina retrogemma, yaani chipukizi lililogeuka nyuma, kwa sababu mtoto huchipua kwenye sehemu ya nyuma ya mzazi akiwa ameelekeza kichwa upande wa pili, kisha hujinyofoa na kwenda zake. Hahitaji mwenzi wala hasubiri yai lianguliwe. Tangi lenye joto, mwanga na mabaki ya chakula ni shamba lenye rutuba kwake.

Je, anakula matumbawe? Hapana. Madhara yake ni ya namna tatu. Akilala juu ya tumbawe kwa wingi, analizibia mwanga. Anakamata kopepodi, na wale wanaofuga samaki wa mandarini wanajua maana yake: samaki anakonda huku tangi linaonekana limejaa uhai. La tatu ndilo baya zaidi. Mwili wake una sumu, na akijeruhiwa au akifa huiachia majini. Ukimponda mmoja kwenye bakuli jeupe utaona maji yakichukua wekundu. Hebu fikiria elfu kadhaa wakifa kwa saa moja.

Chanzo cha kuingia ni kipande cha tumbawe, jiwe au mwani uliotoka tangi la mtu mwingine. Kuingia na kuzidi, hata hivyo, ni mambo mawili. Wanazidi palipo na chakula cha ziada, mkondo dhaifu na pasipo samaki wa kuwala. Angalia pampu zako za mkondo. Zikiwa na chokaa na mwani huenda zinasukuma nusu ya zamani. Angalia kona ambako mabaki hutulia. Pima naitreti na fosfeti. Punguza chakula, lakini usiwashindishe samaki njaa kwa ajili ya minyoo.

Kazi yenyewe huanza na mpira mwembamba, si na chupa. Mpira wa kipenyo cha milimita tano au sita unavuta taratibu, hivyo unaweza kupita juu ya zulia lote kabla ndoo haijajaa. Fanya hivyo adhuhuri, wakati wote wako nje, kila siku au kila baada ya siku moja, kwa wiki mbili. Maji uliyovuta yamwage; usiyachuje kwa kitambaa ukayarudisha, kwa maana mnyoo aliyekatika anamwaga sumu yake humo humo. Rudishia maji mapya ya chumvi, gramu 35 kwa lita, yenye joto sawa na la tangi. Ndoo ya minyoo itie maji baridi ya bomba kwa wingi, iache mpaka kesho, ndipo uimwage chooni. Sisi tunaoishi pwani tusiimwage baharini wala kwenye mfereji unaokwenda baharini.

Najua kuvuta kwa mpira kunachosha. Matangi kadhaa ninayoyajua yamemaliza tatizo kwa mpira, mkondo na samaki mmoja, bila tone la dawa. Hata kama dawa italazimika, kila mnyoo uliyemvuta ni sumu ambayo haitaachiwa ndani ya tangi. Mimi mara ya kwanza niliruka hatua hii.

Unapofikia kutumia dawa

Zipo dawa za matangi ya matumbawe zilizotengenezwa kwa ajili ya mnyoo huyu. Iliyozoeleka zaidi ni Flatworm eXit ya Salifert. Wengine hutumia levamisole, ile dawa ya minyoo ya mbuzi na kondoo inayouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo. Kwa wafugaji wenzangu walioko Nairobi, Arusha au Kampala, naelewa kishawishi: iko jirani na ni rahisi. Soma chupa kwanza. Nyingi zimechanganywa na oxyclozanide, na mchanganyiko ulioandaliwa kwa tumbo la ng'ombe haukuandaliwa kwa kamba na konokono. Kama huna levamisole tupu na kipimo unachokielewa, achana nayo usubiri dawa ya tangi.

Siku mbili kabla, fanya jaribio la kikombe. Vuta minyoo kumi na maji ya tangi, tia dawa kwa kipimo kinacholingana na maji hayo, subiri saa moja. Wakifa, una hakika ya adui na ya dawa. Wasipokufa, umejiokolea fedha na samaki.

Siku yenyewe usiwe na safari. Andaa theluthi moja ya maji ya tangi yakiwa mapya, yamekorogwa, yamepashwa joto. Kwangu hiyo ni kama lita 100. Osha mkaa amilifu mpya, uutie kwenye mfuko wake, uuweke kando. Toa mkaa wa zamani kwenye chujio na uzime taa ya UV na ozoni, vinginevyo dawa itanyonywa au kuharibiwa kabla ya kufanya kazi. Ongeza hewa. Kisha kokotoa maji halisi: mawe na mchanga vinachukua nafasi, na sampu, yaani tangi la pembeni la kuchujia, ina maji yake. Tangi langu la lita 350 pamoja na sampu lina maji kama lita 330, wala si 350 na zaidi kama nilivyodhani mwanzo.

Tia dawa mahali penye mkondo mkali. Ndani ya dakika chache minyoo huanza kujipinda na kung'oka. Hapa ndipo mpira unaporudi kazini: vuta wanaoelea, vuta wanaorundikana kwenye kona, usiwasubiri wote. Mtu wa pili nyumbani ni msaada mkubwa. Mke wangu hushika tochi na kuniambia walikojikusanya. Baada ya kama saa moja, au mapema zaidi samaki wakionyesha dhiki, tia mkaa mpya panapopita maji kwa nguvu na ubadilishe maji yale uliyoandaa. Wiki moja baadaye rudia, kwa kuwa waliokuwa ndani kabisa ya mawe huenda hawakupata dawa ya kutosha.

Samaki wanahema juu ya maji, konokono wanaanguka chini

Ukisoma sehemu hii tangi likiwa katika hali hiyo sasa, fanya kwanza, soma baadaye. Mkaa mwingi panapopita maji. Maji mapya, theluthi, na theluthi nyingine ukiwa nayo. Pampu ielekezwe juu ivunje uso wa maji. Skima, mashine inayotoa uchafu kwa povu, iwake. Samaki aliye taabani zaidi mhamishie kwenye ndoo ya maji mapya ya chumvi yenye joto sawa na la tangi, yanayotiwa hewa. Usiongeze dawa nyingine ya "kutuliza". Chanzo mara nyingi si dawa uliyotia bali ni sumu ya minyoo waliokufa pamoja na upungufu wa oksijeni, na vyote viwili huondolewa kwa mkaa, maji na hewa.

Dawa imeingia, minyoo hawajali

Sababu ninazokutana nazo, kwa mfuatano wa wingi wake: mkaa ulisahaulika kwenye chujio; maji yalikadiriwa pungufu kwa hiyo dawa ikawa nyepesi; mnyoo si huyu bali ni wa aina nyingine; na mara chache, minyoo wa tangi hilo ni wagumu kwa dawa hiyo. Jaribio la kikombe lingeonyesha sababu mbili za mwisho. Usiongeze mara tatu kwa hasira.

Kama walikufa wote na wiki tatu baadaye wameonekana tena, usianze kulaumu dawa. Funua sampu. Tazama kwenye kisanduku cha kumwagikia maji, kwenye hifadhi ya mwani, kwenye mpira ule ule uliotumia kuwavutia ukauning'iniza ukiwa mbichi. Vifaa vyote vioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na vikauke kabisa.

Vigamba vya kahawia juu ya matumbawe ya uyoga na Euphyllia

Hawa ni Waminoa, jamaa wa yule mwekundu, ila wana umbo la duara au la moyo na wamebandika kwenye ngozi ya tumbawe kana kwamba wamepakwa rangi. Hukaa juu ya matumbawe ya uyoga, ya ngozi, na yale magumu yaitwayo Euphyllia na Galaxea. Hula ute wa tumbawe. Watafiti wa Uholanzi walionyesha mwaka 2013 kwamba Galaxea iliyobeba minyoo hawa hukamata vijidudu vichache zaidi vya majini kuliko ile isiyo nayo, yaani wanaifanya ishindwe kula sawasawa. Wachache hawaui. Wakijaa, tumbawe hujifungia na kusinyaa.

Kwa hawa, dawa ya tangi zima si chaguo langu la kwanza. Toa tumbawe, uliogeshe kwenye beseni lenye dawa ya kuogeshea matumbawe kwa muda ulioandikwa, ukilipulizia maji kwa bomba kila dakika moja. Wanabanduka kama karatasi. Suuza kwenye maji safi ya tangi, angalia chini ya uyoga na kwenye mikunjo, rudia baada ya wiki. Uyoga huvumilia sana. Euphyllia shughulika nayo kwa upole, usiiguse nyama yake na mdomo wa bomba.

Acropora inapauka kuanzia chini

Hapa nitakaa kidogo, maana huyu ndiye aliyenifundisha subira.

Dalili huja polepole kiasi kwamba unazilaumu taa. Rangi inafifia, hasa upande wa chini wa matawi na karibu na shina, mahali pa kivuli. Polipu, vile vinywa vidogo vya tumbawe, hazitoki kama zamani. Ukuaji unasimama ilhali alkali na kalsiamu ziko sawa. Kisha, ukiinama na lenzi, unaona alama za duara, ndogo, zilizopauka, zimepangana kama mtu aliyegonga muhuri. Alama hizo ni za kuumwa. Kupauka kunakosababishwa na mwanga mkali huanzia juu, na hakuna miduara. Ngozi inayobabuka kwa ghafla kutoka chini kwa siku moja ni tatizo jingine, na wala si la mnyoo.

Mwenyewe huwezi kumwona kirahisi. Ana umbo la yai, hafikii sana sentimita moja, na mwili wake unapitisha mwanga. Anapokula Acropora hubeba mwani na rangi za tumbawe hilo hilo mwilini, kwa hiyo kwenye tumbawe la kijani unamtafuta mnyoo wa kijani. Njia ya hakika ni kutoa tumbawe, kuliweka juu ya beseni jeupe lenye maji ya tangi na kulipulizia kwa nguvu kila upande. Anayeanguka akitapatapa kama petali ndiye.

Wafugaji walimjua kabla ya wanasayansi. Alipewa jina rasmi mwaka 2011, Amakusaplana acroporae, na mwaka uliofuata ndipo alipotangazwa kuonekana baharini, kwenye kisiwa cha Lizard katika Mwamba Mkuu wa Australia. Leo anaitwa Prosthiostomum acroporae. Baharini ni nadra kumkuta. Kwenye matangi yetu, ambako hakuna wa kumla na Acropora zimepangwa bega kwa bega, anapata karamu isiyokwisha.

Sasa mayai. Geuza tumbawe utazame pale nyama hai inapokomea na mfupa mtupu unapoanza. Utaona vijipunje vya rangi ya asali au kahawia vimepangwa karibu karibu kama ufuta uliobandikwa kwenye mkate. Dawa za kuogeshea haziyaui. Hilo nalirudia kwa kila mtu: unaweza kuogesha tumbawe likatoka bila mnyoo hata mmoja, ukalirudisha, na baada ya wiki mbili au tatu likawa na kizazi kipya. Hivyo ndivyo nilivyoshindwa mara mbili mfululizo kabla sijaelewa.

Mpango ulionifaa ni huu. Acropora zote, hata zinazoonekana nzima, hutolewa kwenye tangi kubwa. Mnyoo huyu anategemea Acropora. Tangi lisilo nayo linamnyima chakula. Kila tumbawe linakatwa sehemu ya chini iliyokufa pamoja na kigingi chake, yaani kitako kilichobandikwa tumbawe, na vipande hivyo vinatupwa. Kigingi ndicho kiota. Usikionee huruma kwa sababu ulikinunua. Mayai yaliyobaki juu ya mfupa yakwangue kwa ncha ya kisu au mswaki mgumu, kisha funika eneo hilo kwa supaglu. Bandika tumbawe kwenye kigingi kipya.

Halafu ogesha, kila baada ya siku tano hadi saba, kwa wiki sita zisizopungua. Lengo ni kumkuta kila aliyeanguliwa kabla hajakomaa na kutaga. Ukiruka wiki moja kwa sababu ya safari, anza kuhesabu upya. Kila ukiogesha, hesabu walioanguka na uandike. Kwangu ilikuwa 23, kisha 9, kisha 11, ambapo nilivunjika moyo kwa sababu nilidhani tungeshuka tu. Wale 11 walikuwa wadogo sana: ni mayai yaliyoanguliwa. Baada ya hapo 2, halafu hakuna.

Kuhusu dawa ya kuogeshea: zilizotengenezwa kwa matumbawe, zenye mafuta ya mimea, zinatosha ukizipa muda na ukipuliza kwa bidii. Wapo wanaotumia viuatilifu vya bustani vyenye imidacloprid. Vinafanya kazi, sikatai. Lakini ni sumu kali kwa kamba na kaa, na tone linalorudi tangini linaweza kumaliza jamii yao yote. Atakayetumia avae glavu na asuuze katika mabeseni matatu tofauti ya maji safi ya chumvi. Kumbuka pia kaa wadogo wa Tetralia wanaoishi katikati ya matawi ya Acropora. Hao ni walinzi wa tumbawe. Wabembeleze watoke kwa kijiti kabla ya kuogesha, wakae kwenye bakuli lao.

Usiogeshe Acropora kwa maji yasiyo na chumvi. Kuna matumbawe laini yanayovumilia hilo kwa sekunde chache. Acropora huvua ngozi.

Konokono na kombe wanakufa mmoja mmoja

Magamba matupu, safi, kila baada ya siku chache, na maji yamepimwa hayana kasoro. Zima taa, subiri saa mbili, kisha ingia na tochi yenye mwanga mwekundu. Kuna minyoo bapa wakubwa, sentimita mbili hadi tano na zaidi, rangi ya mchanga au kijivu, wanaokula chaza, kombe wa Tridacna na konokono. Huja ndani ya mawe yaliyotoka baharini. Huyu haongezeki kwa maelfu. Mara nyingi ni mmoja au wawili. Mvute kwa mpira mpana kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa ukimshika na koleo anakatika. Akiwahi kuingia kwenye ufa, toa jiwe zima uliweke kwenye ndoo yenye maji ya chumvi kali zaidi kwa dakika kadhaa, atatoka mwenyewe. Chunguza pia chini ya kombe, mahali pa uwazi wa mguu wake.

Samaki wa kukusaidia

Pseudocheilinus hexataenia, samaki mdogo wa mistari sita, jamaa wa mbali wa pono, anapatikana tangu Bahari ya Shamu na pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Siku nzima anakagua matawi na nyufa. Watafiti wa Australia walimjaribu dhidi ya mnyoo wa Acropora akapunguza idadi yao, na kamba wadogo wa Lysmata vittata walikula minyoo hata na mayai. Hawakuwamaliza. Msaidizi ni msaidizi. Huyu wa mistari sita ana ubabe pia, kwa hiyo aingie wa mwisho. Halichoeres chrysus wa manjano ni mpole zaidi na kwa minyoo wekundu nampendekeza yeye, mradi tangi lina mchanga wa kulalia na kifuniko, maana huruka.

Utasikia pia habari za Chelidonura varians, konokono wa bahari mweusi mwenye mistari ya buluu, anayekula minyoo wekundu na wenzao tu. Anapendeza na anafanya kazi kweli. Ila minyoo wakiisha, njaa inamuua, na pampu humnyonya kirahisi. Kama huna mtu wa kumrithisha akimaliza kazi, usimlete.

Kipande kipya kinapofika nyumbani

Ndoo moja ya lita 20, pampu ndogo, hita na taa ya bei nafuu vinatosha kuwa karantini. Siku ya kwanza kata kigingi, ogesha, puliza juu ya beseni jeupe, tazama kwa lenzi. Rudia kila wiki. Matumbawe ya uyoga na ya ngozi mimi huyaweka wiki nne. Acropora wiki sita kamili, na nikiona yai moja tu, hesabu inaanza tena kutoka siku hiyo. Hata kipande cha zawadi kutoka kwa rafiki mwenye tangi zuri kinapita huko. Na wenzangu mlio Mombasa, Tanga au Unguja, kuvunja tawi miambani si njia ya kukwepa minyoo ya dukani: matumbawe magumu yote yamo katika Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na tawi la baharini huja na wageni wake wengi zaidi.

Tangi langu kubwa lilikaa bila Acropora kwa wiki kumi. Kabla ya kurudisha zote nilirudisha moja, ya bei ndogo, yenye ngozi laini wanayoipenda, nikaiweka mbele ambapo ningeweza kuitoa kwa mkono mmoja. Niliitoa na kuipuliza kila Ijumaa kwa mwezi mzima. Ijumaa ya tano nikarudisha zilizobaki.